Nafasi ya Ngowa

Ndani ya basi la Changamwe, Mwarandu mpiga zege alikuwa bado anafoka. Mzee aliyeketi kando yake akamuuliza ana nini.

"Nyapara ataka tuzibe nafasi ya Ngowa, mwenzetu wa kazi, kwenye mstari wa kupokezana makarai. Hatuzibi! Ngowa ameniambia hataki tena kuishi. Yuko kwangu, hatumwachi peke yake, na nafasi yake inamngoja."

"Mambo hayo husitiriwa, mwanangu. Mwanamume hatangazi."

"Angenyamaza, leo tungekuwa matangani, mzee wangu."

Mzee akakohoa, wala hakuwa na kikohozi. "Na Mzungu mwenye kazi akiwafukuza?"

"Atufukuze sote! Zege limkaukie mwenyewe."

Basi likasimama. Kituoni alisimama kijana mrefu, pamoja na Nyevu, mke wa Mwarandu.

"Ndiye huyo?" mzee akanong'ona.

"Ndiye," Mwarandu akasema akishuka. "Msalimu."