Kikompyuta Kilichovishwa Kitambaa

Ndani ya basi kulikuwa kimya na usingizi ulishaanza kuninyemelea, nilipomsikia mama wa kiti cha mbele akimweleza jirani yake, fundi redio, habari za kikompyuta alichokipakata. Mwanawe alikiunganisha na spika za sebuleni, akahamishia humo nyimbo zote za kanda za marehemu baba yake. "Hakina kazi nyingine, ni kuimba tu. Lakini kikiimba kidogo kinanyamaza."

Fundi akakigeuzageuza. "Mama, huwa unakifunika?"

"Kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe. Redio ya mzee ilivaa hicho hicho miaka yote."

"Basi kinapata joto, kinajizima. Kivue."

"Mbona kitambaa kina matundu kote?"

"Hayo ni ya urembo, mama, si ya hewa."

Moyoni nilikitetea kikompyuta, ila hakuna aliyeniuliza. Mama akatazama miti ikipita taratibu dirishani. "Mzee hakupenda kitu chake kikae uchi mbele ya wageni."

Basi likasimama. Mama akatoa kitambaa kile kile mkobani, akakiviringisha kikompyuta humo, akakibeba kama mtoto aliyelala. "Tena mwanangu," akamwambia fundi akishuka, "hata mzee mwenyewe alikuwa akisinzia kabla wimbo haujaisha."