Mzee Walubengo na Mondo wa Kona ya Matete

Baada ya kulitumikia shamba letu la Kapsirwo kwa miaka ishirini na minane, Mzee Jairus Walubengo anastaafu leo, Jumatano tarehe 30 Juni 1954. "Anastaafu" ndilo neno lililotumiwa na ofisi, na mimi karani wa ghala sikuajiriwa kubishana na maneno ya ofisi. Karatasi hii imepigwa chapa kwa taipu ya kanisa, kwa kuwa ile ya ofisi ati ina kazi nyingi wiki hii. Bwana Meneja alialikwa kwenye chai yetu. Ametuma salamu kwamba ana shughuli Kitale, nasi tunamwombea shughuli hizo zichukue muda.

Mzee alikuja mwaka 1926, mwaka ule ule reli ilipofika Kitale. Yeye lakini alikuja kwa miguu kutoka kwao Mabanga, upande wa Bungoma, maana treni ilikuwa ya wenye nauli. Aliandikwa kuwa mwendesha ng'ombe wa plau. Waliokuwako wanasema Trans-Nzoia haijapata kuona mwendesha ng'ombe mbaya kama yeye: mistari yake ilikwenda kama njia ya mlevi, na ukiangalia vizuri ungeona ni ng'ombe waliokuwa wakimwendesha yeye. Angefukuzwa kabla ya mavuno kama siku moja hangefika ofisini na mondo begani, yule paka wa porini mwenye madoadoa na miguu mirefu, aliyekuwa akimaliza kuku wa Bwana Meneja. Alikuwa amemnasa kwa kamba ya katani. Siku hiyo hiyo akapewa mitego ya chuma, kofia, posho ya ziada na cheo kipya: mtegaji wa shamba.

Kazi hiyo aliiweza. Nilipofika mimi mwaka 1931, nikiwa kijana mwenye suruali moja na maringo mengi, sifa zake zilikuwa zimefika Kwanza na Kachibora. Angeinama kwenye majani akakwambia ni mnyama gani aliyepita, amekwenda wapi, na kama ameshiba. Wenye mashamba mengine walikuwa wakimwazima kama watu wanavyoazimana toroli. Mtu huyu aliyeweza kupita kwenye majani makavu bila sauti alikoroma kanisani mpaka mhubiri akangoja. Na ikumbukwe kwamba alipotoka arusi fulani huko Kachibora, akiwa amefurahi kupita kiasi, alikanyaga mtego wake mwenyewe, akakaa hapo akiimba hadi nyapara Kipketer alipopita na kumfungua. Mzee husema alikuwa akiujaribu kama bado una nguvu.

Kila Jumamosi mchana alitundika mikia kwenye waya ulio nyuma ya ghala langu. Ilikuwa desturi yetu, na wageni huenda wakaiona ya ajabu, lakini kwetu ilikuwa kama mnada. Watu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, walikuja na watoto wao kutazama. Walimpongeza, kisha kila mmoja akamwagiza adui wake. Bwana Meneja aliwataka mondo na fungo kwa ajili ya kuku na bata mzinga wa mkewe. Kipketer aliwataka nguchiro kwa sababu ya mayai. Akina mama waliopalilia mahindi waliwataka nyoka, na nani angewalaumu? Nasi wengine wote, Wabukusu kwa Wakalenjin, waliosoma na wasiosoma, tulimwomba bundi. Bundi akilia juu ya nyumba kesho yake kuna kilio. Hilo tulikubaliana hata pale tuliposhindwa kukubaliana habari ya dini. Mzee hakumnyima mtu. Alikuwa na roho nzuri sana, na kwa roho hiyo nzuri alilimaliza shamba zima.

Vita vya Wajerumani vilipokwisha, hapakuwa na kitu tena cha kutega. Bwana Meneja alisimama mbele ya ofisi mwaka 1946 akamsifu mbele yetu wote kwamba amelisafisha shamba. Akatoa ahadi: siku Walubengo atakapostaafu, atapewa ile nyumba ya mawe ya mlimani na kipande cha kulima, akae na mke wake mpaka kufa. Sote tulipiga makofi. Mama Nasambu, mke wake, ni mwanamke asiyengoja mambo. Mwezi huo huo alipanda migomba kuizunguka nyumba ile.

Kisha wakaja panya. Panya wamekuwako tangu zamani, lakini hawa wa mwaka 1950 hawakuwa wa kawaida. Walianza ghalani, na mimi mwenye ghala niliandika kwamba magunia yamechakaa. Walikula mahindi, wakala magunia, wakala ngozi ya ngoma ya kanisa na soli za viatu vyangu vya Jumapili, nikahubiriwa nyayo zangu zikigusa sakafu. Hapo tulikuwa bado tunacheka. Mwaka uliofuata walifukua mbegu kwenye mistari kabla hazijaota, na watu wa laini wakapanda mara mbili, mara tatu, katika vipande vyao vidogo wanavyolisha watoto. Kicheko kikaisha. Familia nyingi zilifunga virago zikarudi Bungoma na Cherangany. Jerop, aliyekuwa na watoto wadogo na mume mgonjwa, alimkuta Mzee siku moja karibu na ghala akasimama. "Mzee," alimwambia, "kwa huo waya kumebaki nafasi? Nitundikie na sufuria yangu, haina kazi tena."

Ofisi ilileta sumu iliyochanganywa na nafaka. Panya walikufa mchana kweupe mashambani. Vipanga wachache waliobaki waliwaokota wakafa, paka wa laini wakafa, mbwa wakafa. Baada ya mvua moja panya wakarudi, safari hii bila hata paka wa kumwogopa. Ofisi ikaagiza sumu zaidi. Nadhani hesabu hiyo hata mimi naweza kuifanya, na watu wanajua hesabu zangu.

Mzee mwenyewe hatakataa nikisema kwamba hakulitambua jambo hili kwa akili yake. Miaka yote alikuwa akiwachuna mondo na kuyakuta matumbo yao yamejaa panya. Aliwapasua bundi akakuta mifupa ya panya. Hata nyoka, ukimkata, panya. Alikuwa akiona tu. Ni Mama Nasambu aliyemuuliza jioni moja, wakiwa wamekaa mbele ya kapu tupu, hao wanyama walikuwa wakila nini. Alipomjibu, mama alichochea moto, ndipo akasema: "Baba Sellah, basi hao walikuwa wafanyakazi wa shamba kuliko sisi. Na posho hawakuomba." Mzee anasema angependa zaidi kama angemtukana.

Palikuwa na mahali pamoja tu panya hawakupashinda: ile kona ya matete, bondeni, ambako akina mama wachache walikuwa na vipande vyao. Mzee hakuwahi kupatega sawasawa kwa sababu ya tope. Mtu mwenye uzito wake anazama. Kwa hiyo bundi waliendelea kutaga chini kwenye nyasi za pale, nyoka walikaa kwenye matete yao, na alibaki mondo jike mmoja asiye na kidole cha mguu wa mbele. Kidole hicho kilibaki kwenye mtego wa Mzee, na mondo mwenyewe akaenda zake. Kwa miaka mingi mondo huyo alikuwa aibu pekee katika kazi ya Walubengo, na tulimtania nayo bila huruma. Sasa ikawa kwamba ni pale tu mbegu iliyopandwa inaota. Jerop alipewa kipande huko na wenzake. Mwaka 1952 alivuna, na mwaka 1953 akavuna tena. Nusu ya laini iliishi kwa kona ile. Mzee akawa anakwenda kule mara kwa mara, bila mtego, anasimama ukingoni na kofia mkononi kama mtu aliyekwenda kuomba radhi na hajui mwenye nyumba anaitwa nani.

Krismasi iliyopita bata mzinga wa Memsabu waliliwa, na nyayo ziliachwa kwenye tope, nyayo zenye kidole pungufu. Mwezi wa pili Bwana Meneja alimwita Mzee barazani. Amtege mondo yule kabla ya kustaafu. Baadaye trekta itayang'oa matete na kukausha maji ili pawe safi kama kwingine. Kipketer alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia. Mzee akasema kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwake tangu 1926.

"Bwana, huyo hapana. Huyo ndiye anatulindia shamba la akina mama. Akiisha, panya wataingia, na hawa watoto watakula nini?"

"Mimi hapana uliza habari ya posho," Bwana Meneja akajibu. "Mimi nauliza habari ya paka."

Akampa wiki moja afikiri, na akamkumbusha kwamba nyumba ya mlimani ni ya mtu mtiifu. Kwa hiyo tuseme wazi kilichokuwa kwenye mizani, ili vijana wasije wakadhani Mzee alichezea kitu kidogo. Hana shamba kwao. Sehemu yake huko Mabanga ililimwa na ndugu zake alipokuwa huku akituhudumia, na leo ina wenyewe. Nyumba ile ndiyo ilikuwa uzee wake. Ilikuwa pia uzee wa Mama Nasambu, na migomba yake ilikuwa imeanza kuzaa. Wiki ile nilikwenda kwao kumshauri, maana mimi ni mwepesi wa kushauri, nikamwambia atege mtego ambao hautanasa, kisha aseme ameshindwa. Mzee alinitazama kwa upole akaniuliza kama nimewahi kumwona akitega vibaya. Ni mama aliyemaliza mazungumzo. Alikuwa akipepeta wimbi, hata hakuinua kichwa. "Migomba itaota hata Mabanga," alisema.

Jumatatu asubuhi Mzee alipanda kwenye baraza ya ofisi na mitego yote begani, akaipanga chini mmoja mmoja, imesafishwa na kupakwa mafuta, akavua kofia akaiweka juu yake. Kipketer, ambaye amekuwa nyapara mkali maisha yake yote na ndiye aliyemfungua Mzee mtegoni usiku ule wa arusi, alisimama wima kama askari mpaka Mzee alipopita.

Ningependa sana kuandika hapa kwamba jambo hilo lilisaidia. Ofisi ilimwazima mtegaji kutoka shamba lingine, kijana asiye na haja ya kusoma nyayo, akaweka nyama ya bata mzinga yenye sumu kando ya maji. Mondo jike alipatikana siku ya tatu, na mbwa wanne wa laini pamoja naye. Ngozi yake imekwenda Kitale. Mwezi wa tano trekta iling'oa matete. Mwanzoni mwa mwezi huu Jerop alikuja ghalani kunionyesha konzi ya mbegu za maharagwe zilizotafunwa. Hakuja kuomba kitu. Alitaka tu karani azione, ili mtu yeyote asiseme baadaye kwamba hakuambiwa. Ama ile nyumba ya mawe, imepata mpangaji: ndimo tunamowekea sumu ya panya, na ufunguo wake ninao mimi.

Ofisi imempa Mzee blanketi. Sisi wafanyakazi tumechanga tukanunua mbuzi jike na koti, na kanisa linampa Biblia mpya, kwa matumaini kwamba ataifungua akiwa macho. Kesho asubuhi lori la maziwa litawachukua yeye na Mama Nasambu hadi Kitale, na kutoka hapo wataendelea mpaka Mabanga kwa shemeji yao, aliyewapa pa kujishikiza. Mama ameng'oa machipukizi ya migomba akayafunga kwenye gunia. Kipketer alimuuliza kama ana ruhusa ya ofisi, kisha akamsaidia kulibeba.

Shemeji huyo ametuma habari za furaha. Majirani wake wamesikia kwamba mtegaji mashuhuri wa Kapsirwo anakuja, na wamekwisha kukutana. Kuku wao wanaliwa, na kuna bundi anayewasumbua. Wanaomba aanze kazi Jumatatu. Mzee aliposomewa maneno hayo alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaendelea kuyafuta alipokwisha kucheka. Amejibu kwamba anakwenda, na kwamba Jumatatu atakaa nao chini awasimulie habari za shamba letu tangu mwanzo, na wakimaliza kumsikiliza kama bado wanataka mitego, wamtafute mtu mwingine.

Mzee Walubengo, tunakushukuru kwa miaka uliyotupa kila tulichokuomba, na zaidi tunakushukuru kwa ile siku moja uliyokataa. Mama Nasambu, asante kwa kumwuliza lile swali. Mwende mkiwa na afya, mlale bila hofu, na migomba ishike udongo wa Mabanga.

Wageni mnaombwa sasa kusogea mezani. Mahindi na maharagwe mtakayokula yameletwa na Jerop na wenzake; ni mavuno ya mwisho ya kona ya matete, waliyoyaficha kwa ajili ya leo. Hayatoshi wote kuongeza mara ya pili. Kuleni polepole.

Mukhisa, karani wa ghala