Nasr bin Khalaf na Rangi ya Kikapu

"Ombi la Kubadili Mwonekano wa Kifaa Saidizi Kisicho cha Dharura," hilo ndilo jina la jalada alilolibeba marehemu kaka yetu, Nasr bin Khalaf, kwa miaka saba, na kwa kuwa mimi mdogo wake, Badar, nimekuwa karani wa serikali miaka thelathini, familia imeona ndimi ninayefaa kuwasomea, hapa katika sabla yetu ya Ibra, ukumbi wetu wa matanga na harusi, historia ya mtu aliyevunjwa moyo na makarani.

Marehemu alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 4 Mei 1961, mtoto wa kwanza wa Mzee Khalaf na Bi Kaltham, akaja Oman na wazazi wetu mwaka 1974, akiwa na Kiarabu cha msahafuni tu, kisichokuwa hata na neno la kuazimia kalamu, jambo lililowafurahisha sana wenzake wa skuli. Alimaliza masomo mwaka 1980, akapelekwa nje kusomea ufundi wa ndege, na mwezi Machi 1983 akaajiriwa na idara ambayo, kwa adabu ya matanga, sitaitaja, akadumu nayo mpaka alipostaafu mwaka 2021.

Tarehe 9 Novemba 1989 alimuoa Bi Shukriya wa Birkat al Mauz, Mwenyezi Mungu akawajaalia Rawya, Yaqeen na Anas, huyu anayewapitishia kahawa.

Kazi yake ilikuwa kukagua mpira mrefu ambao ndege ya mafuta huuteremsha nyuma yake angani, wenye kikapu cha chuma mwishoni, ili rubani wa ndege ya vita auchomeke mrija wake humo, ajaze mafuta bila ya kutua. Kikapu kilikuwa cha kijivu, na ndege ya mafuta ikipita kwenye baridi yenye unyevu huacha nyuma yake mstari mweupe wa mvuke, kama ule tunaouona juu ya Ibra siku za baridi, na rubani hutakiwa akitafute kikapu humo humo. Aliyemweleza haya ni Firas, rubani, mtoto wa jirani yetu Bwana Marzouq, ambaye tumeshirikiana naye ukuta tangu mwaka 1976. Alimwambia, "Ami Nasr, nikikaribia naona maziwa tu, kikapu nakikisia."

Mwaka 2012 marehemu akaandika ombi, kwamba mdomo wa kikapu upakwe mistari myeusi na ya manjano na utiwe vitaa vidogo, na ndege ya mafuta iteremke futi elfu nne, kwenye hewa yenye joto zaidi, ambako mstari ule haufanyiki. Alikwisha kujaribu rangi, maana alichukua kawa la Bi Shukriya, lenye umbo lile lile la kikapu, akalipaka mistari, akalitundika kwenye mti wa ghaf huko jangwani, njia ya Sinaw, akaliendea kwa gari mchana wa vumbi, na ufito umefungwa mbele ya gari, akalipata mara tisa kati ya kumi. Bi Shukriya aliuliza, "Na chakula, bwana, tukifunike kwa jalada?"

Ombi la kwanza lilirudi kwa kukosa muhuri, la pili kwa kuwa na mihuri miwili, la tatu kwa sababu vyombo vya jikoni havimo katika orodha ya vifaa vya ndege, na mengine manne, mpaka mwaka 2018, yalirudi na neno moja, "limehifadhiwa," ambalo sisi makarani tunajua maana yake.

Alhamisi, tarehe 17 Januari 2019, ndani ya mstari ule mweupe, ndege ya Firas ilikigonga kikapu ubavuni, mpira ukarudi ukavunja kioo, na kijana akafa. Ripoti ikasema mpira ulikuwa mbovu, na aliyeukagua asubuhi ile ni Nasr bin Khalaf. Mwezi Juni 2020 vikapu vyote vilipakwa rangi, kwa ombi la mtu mwingine, lililopita kwa siku nne.

Bwana Marzouq, baada ya ripoti ile uliuziba mlango mdogo wa ukutani baina ya nyumba zetu, na hatukulaumu. Marehemu alikuwa ametia saini ya kutotoa siri za kazi, tena alisema mzazi hapelekewi udhuru kwenye msiba wake. Akaugua figo miaka mitatu, na usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025, hospitali ya Nizwa, akaniambia, "Nikifa wasomee. Mimi nilitia saini, wewe hukutia." Alfajiri akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nizwa, majirani waliotupikia siku hizi tatu, mafundi wenzake waliokuja bila ya kuomba ruhusa, na wewe, Bwana Marzouq, uliyekuja ukakaa karibu na mlango. Kaka, lala kwa utulivu, Mola akulaze pema, pasipo fomu.

Kilichotokea ni hiki. Kaka yangu aliomba mara saba, wakamkatalia mara saba, mpira ulikuwa mzima, na Firas hakukiona kikapu.