Jembe la Selmer Lilikuwa Rangi Gani

Ndani ya duka la vifaa la Nordby, upande wa nyuma karibu na jiko la kuni, kuna benchi linalokaliwa na watu walewale kila asubuhi tangu reli ilipofungwa. Siku hiyo Orrin Haugen, ambaye kijiwe kizima humwita Gundi, alikuwa amepakata jembe la theluji. Si jembe la shambani, ni lile behewa lenye pua kali ambalo kichwa cha treni hulisukuma mbele kufungua njia. Hili lilikuwa la mfano, urefu wa mkono wake, na alilitengeneza mwenyewe kwa mbao na bati la kuokea pai, hakununua hata gurudumu. Kesho Selmer angeletwa uani kwa Orrin kuliona likipita kwenye reli yake ndogo. Selmer ndiye aliyeongoza jembe la kweli, na sasa hamtambui hata binti yake. Orrin aliomba jembe angalau alitambue. Ilibaki rangi tu, na picha zote zilizopo ni za zamani, hazina rangi.

— Lilikuwa jekundu, — alisema Orrin.

— Jekundu wapi, Gundi? — alisema Einar, aliyefanya kazi ya breki kwenye treni, na Breki ndilo jina lake mpaka leo. — Lilikuwa jeusi tii.

— Hayo masizi. Hamkuwa mnaliosha.

— Tulioshe na nini, na maji yanaganda ndooni?

Verna Nordby mwenye duka, wanayemwita Redio, alikuwa anamimina kahawa.

— La njano, jamani. Lilipita dirishani kwa mama yangu kila baridi.

— Dirisha la mama yako lilitazama kanisa, — alisema Breki.

— Basi lilipita kanisani.

Hapo mambo yakaharibika. Breki akasema majembe yalikuwa mawili, moja kampuni ililificha kukwepa kodi. Verna akakataa: lilikuwa moja, kushoto la njano, kulia jekundu, ili watu wa kila upande wajione wana jembe lao.

— Na mbele? — aliuliza Orrin, kichwa kikimzunguka.

— Mbele halikuwa na rangi, theluji ililikwangua.

— Ila mwaka wa ile tufani lilikuwa jeupe, — alisema Breki.

— Jeupe kwenye theluji, lionwe na nani?

— Ndiyo maana likamgonga ng'ombe wa Tollefson.

— Ng'ombe yule aligongwa na basi, Breki.

— Na basi lilikuwa rangi gani?

Orrin alikuwa na makopo matatu ya rangi kwenye mfuko, na sasa hakuwa na hakika hata kama aliwahi kuona treni.

Mlango ukafunguka, akaingia Solveig, binti wa Selmer, kununua betri. Alikuwa hajawahi kusimama kijiweni pale. Akaliinamia jembe, akachungulia kidirisha cha juu.

— Zuri sana, mzee Orrin.

— Lilikuwa jekundu, sivyo?

— Rangi sijui. Baba alikuwa ndani. — Akachungulia tena. — Usiku anaamka anatafuta kiti chake. Nampa hiki, anakataa, nampa kile, anakataa. Humu alikuwa anakaa wapi?

Breki naye akachungulia.

— Alisimama, — alianza Breki. — Au kulikuwa na stuli, kushoto.

— Uliwahi kuingia? — aliuliza Solveig.

— Hapana. Mle alikuwa peke yake.

Orrin aliona aibu. Alikuwa amelijaza nati na vyuma chakavu mpaka kwenye paa, liwe zito lisipande juu ya theluji, wala hakufikiria kwamba mle kulikuwa na mtu. Akatoa bisibisi.

— Keti, mwanangu. Nionyeshe anavyokaa.

Solveig akakaa ukingoni mwa benchi, akainama mbele, akainua mkono wa kulia juu na kukunja ngumi.

— Hivi. Mkono huu haushushi, hata akila. Sijui kwa nini.

— Ameshika kamba, — alisema Breki. — Ya kumpigia filimbi dereva aliye nyuma, asimame.

Orrin akafungua paa, akaanza kumwaga nati sakafuni, mle mtu apate pa kukaa.