Jaketi ya Kukalia

Ndani ya boti ya kutoka Port Victoria, Obonyo alikuwa anamlalamikia mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, jina Zamzam. "Kijana yangu ana miaka kumi na saba, ameanza kuvua samaki. Jaketi ya kuokoa maisha hataki kuvaa. Ati anakalia!"

"Na wewe Baba, umekalia nini?"

Obonyo akapapasa chini. Kumbe ni jaketi. Lakini mtu mzima haaibiki haraka. "Mimi ziwa inanijua, Mama."

"Na kijana husema aje?"

"Husema hivyo hivyo," akajibu, sauti imeshuka kidogo.

Ng'ambo kijana alikuwa amesimama, amekuja kumpokea baba yake. Obonyo akavaa jaketi mbio mbio, mkono ukakwama, boti ikagusa mchanga.

"Funga kamba za jaketi, Baba," Zamzam akacheka. "Ameshakuona."