Laltu Aulizwa Kama ni Binadamu

Baraza ya nyumba ya Khokon, kaskazini mwa Kolkata, ina nafasi ya watu watano. Tunaikalia wanne: Khokon mwenyewe, katibu wa kamati ya mtaa ya Puja, sikukuu yetu kubwa ya mwaka; Montu, fundi saa; Bishu, mstaafu wa posta; na mimi. Wa tano, Laltu, alihamia Toronto miaka thelathini iliyopita, na nafasi yake hatujampa mtu. Mwaka huu kijitabu cha Puja kilichapa anwani ya barua pepe ya Khokon, na barua za matapeli zikaanza kumiminika kila siku. Mpwa wake akamwandikisha kwenye huduma ya kuhakiki: ukimwandikia Khokon kwa mara ya kwanza, unarudishiwa barua ikikutaka ubonyeze mahali kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu, si mashine. Usipobonyeza, barua yako inabaki nje. Alhamisi, siku tisa kabla ya karamu ya Puja, Laltu alipigia simu duka la halua la pembeni, ambalo namba yake haijabadilika, akasema: "Mwambieni Khokon nakuja kwa Puja, lakini nitalala hotelini. Kwake sikanyagi. Mimi si mashine." Akakata.

– Mtu niliyekula naye sahani moja, alisema Khokon. Hata namba hakuacha.

– Kuuliza si ujinga, alisema Montu. Wahenga hao.

– Wahenga hawakumuuliza mtu kama ni mtu, Montu.

Bishu alipuliza chai yake.

– Tatizo, mashine haimjui Mbengali. Ukimuuliza Mbengali, "Wewe ni binadamu?" anakujibu, "Kwa nini unauliza?" Mashine ikaona hapa hakuna mtu.

– Laltu angeanza na kurasa mbili, nikasema, kueleza binadamu ni nini.

– Nyie hamjui kitu, alisema Montu. Mashine hiyo ni ya matapeli wenyewe. Asubuhi wanakumwagia taka mlangoni, jioni wanakuja kukuuzia ufagio.

– Barua ndizo zinalipiza kisasi, alisema Bishu. Mliacha kuzipa stempu.

Khokon alitoa karatasi mfukoni.

– Acheni porojo. Hii orodha ya waliozuiwa. Majina mia mbili na kumi na moja, na Laltu yumo.

– Si ufungue barua zao usome? nikauliza.

– Mwenye kafe ya intaneti kanikataza. Mwezi jana nilifungua moja, kompyuta zake nne zikaugua. Kasema nimtajie jina, ndipo anifungulie hiyo moja tu.

Montu akabana jichoni kioo chake cha kutengenezea saa, akaanza kusoma.

– Huyu anauza vidonge. Huyu mjane wa jenerali, ana dhahabu. Huyu Sanat Kumar Bhowal. Tapeli!

– Umejuaje?

– Jina lenyewe. Limenyooka mno. Mkate huyo.

Khokon akamkata kwa kalamu. Bishu alikunywa chai.

Ujjaini, mpangaji mpya wa ghorofani, alikuwa anarudi kazini. Akasimama kungoja tuondoe miguu mlangoni.

– Mnatafuta nini, baba wadogo?

– Barua ya rafiki yetu, mwanangu. Laltu.

– Laltu si jina la nyumbani? Jina lake la cheti ni nani?

Tukatazamana. Montu akavua kioo.

– Laltu ni Laltu, alisema.

– Alilelewa kwa mjomba wake, alisema Khokon. Akina Pal. Lakini yeye si Pal.

– Shule alisoma kwingine, nikasema.

– Khokon, mama yako alimlisha miaka kumi. Hakumuuliza? alisema Montu.

– Mtoto ana njaa, utamuuliza cheti?

Bishu akaweka kikombe chini.

– Sanat Kumar Bhowal ni mimi.

Khokon akamgeukia.

– Nilikuandikia Agosti, aliendelea Bishu. Utani tu, wa samaki. Nikaambiwa nithibitishe mimi ni mtu. Nikasema basi, nitamsimulia barazani.

– Mbona hukunisimulia?

– Nilingoja uniulize.

Khokon aliitazama karatasi. Akaigeuza, akaandika nyuma yake, akatusomea: "Laltu, karamu ni siku ya nane ya Puja, saa saba mchana. Nafasi yako iko wazi. Hakuna atakayekuuliza kitu. Khokon."

– Na utaituma kwa nani? aliuliza Ujjaini.

– Kwa wote mia mbili na kumi na moja. Bishu, na wewe umo.

– Wewe! alisema Montu. Humo mna matapeli mia mbili na tisa. Wakija je?

Khokon alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akatafuta kandambili zake kwa miguu.

– Waambie jikoni waongeze mchele.