Okidi ya Nerima Inaangusha Matumba

Pale Kamere, mahali njia ya ziwani inapokutana na ile ya wafanyakazi wa maua, kuna benchi la mbao lililoegemea kibanda cha kahawa cha Tabby. Benchi lina wenyewe. Kuna Gachanja, anayeitwa Agrovet kwa sababu aliwahi kuwa mlinzi wa duka la dawa za mifugo, na tangu hapo hakuna ugonjwa asioutibu. Kuna Odero, fundi wa simu, anayeitwa Redio kwa sababu ukishamwasha hazimiki. Na kuna Makhanu, Foreman, mjenzi mstaafu wa maneno machache. Asubuhi hiyo Foreman alikuja amekumbatia chungu cha ua kama mtu anayepeleka mtoto kliniki, na benchi zima likasogea kumpa nafasi.

Ua lilikuwa la mkewe, Nerima. Miaka yote ya kazi yake alifunga maua ya waridi ya watu wa ng'ambo asiowajua, na siku ya kustaafu wenzake wakamletea okidi, ua la kwanza kuingia nyumbani likiwa lake. Lilichanua, likapukutika, akalitunza likiwa majani matupu hadi likatoa kikonyo kipya chenye matumba saba, yaani maua ambayo bado yamefumba. Ndipo habari ikaja kutoka Webuye kwamba mamake ameanguka na kuvunjika nyonga. Nerima akasafiri, ua akamwachia mumewe. Kila alipopiga simu kuuliza, Makhanu alimwambia ua liko sawa. Sasa yalikuwa yamebaki matumba matatu.

— Hebu lete hapa, alisema Agrovet, akipangusa mikono kwa suruali. Hii ni njaa. Mama hana maziwa, watoto wanaanguka. Ile mbolea ulitia?

— Nilitia.

— Na maji?

— Asubuhi na jioni, vile ulisema.

— Ongeza ya saa sita. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimejaa, Makhanu alisema. Kinamwagika kwa kabati.

Redio alicheka kwa pua.

— Nyinyi mnaongea mambo ya juu na shida iko chini. Shida ni Longonot. Ule mlima haujakufa, umefunga macho tu. Unapumua, joto linapita chini kwa chini mpaka huku, mizizi inaiva.

— Na mbona sukuma yangu haiivi shambani? Tabby aliuliza kutoka ndani ya kibanda.

— Sukuma ni ya hapa, imezoea. Hii ni mgeni. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe la nini?

— Lifanye kazi. Litoke nje lipigwe na upepo wa ziwa, likomae.

— Nililitoa, Makhanu alisema. Ukasema nilirudishe. Halafu ukasema niliweke juu ya kabati ndio likae mbali na ardhi.

— Na ikawaje?

— Likaangusha mawili.

— Unaona sasa. Lingeangusha manne.

Makhanu hakubisha. Maisha yake yote alikuwa mtu wa timazi. Ukuta ukiegemea, alijua ni wapi pa kutazama. Lakini mbele ya ua hili alikuwa kipofu, na katika uhakika wa hawa wawili alipata mahali pa kushika, hata kama palikuwa pamelegea.

Tabby alitoka na vikombe, akainama, akageuza jani moja.

— Na hii pamba ni ya nini?

Wote wakainama. Chini ya jani, pale linapokutana na shina, kulikuwa na vidoa vyeupe kama unga uliokwama kwenye pamba.

— Linajifunika, Redio alisema bila kusita. Huku asubuhi kuna baridi. Hiyo ni blanketi.

— Si ulisema linapikwa na mlima?

— Chini linapikwa, juu linaganda. Ndio maana linachanganyikiwa.

— Hiyo si blanketi, Agrovet alisema. Hayo ni mayai ya kupe.

— Kupe kwa maua?

— Kupe ni kupe, Tabby. Haulizi ngozi ni ya nani. Akatia mkono kwenye koti, akatoa kichupa cha dawa ya kuogesha ng'ombe. Nilijua tutafika hapa. Foreman, shika. Maji ukiyavulia nguo lazima uyaoge.

— Hiyo dawa italichoma, Tabby alisema. Mimi naona linamtafuta mwenyewe. Nikienda kwetu Gilgil, kuku wangu wanakataa kutaga. Liwekee sauti ya Nerima kwa simu lisikie.

Makhanu alitazama pembeni. Hilo alikuwa ameshalifanya, peke yake jikoni, na haikuwa okidi iliyotaka kusikia ujumbe wa sauti wa Nerima mara ya pili.

Alikuwa amefungua kizibo cha kile kichupa wakati simu ilipolia. Alikuwa Nerima.

— Baba Lewis, umeamkaje?

— Salama. Mama je?

— Ako. Ua linaendeleaje?

Sauti ya simu ilisikika benchi zima. Agrovet akatikisa kichwa, akanong'ona: — Usiseme kitu, Foreman. Mficha uchi hazai.

Makhanu alitazama kile kichupa mkononi, kisha yale matumba matatu, moja likiwa limeanza kugeuka njano.

— Linakufa, alisema. Nimekuwa nikikudanganya. Yamebaki matatu.

Upande wa pili kiti kilivutwa.

— Umeliweka wapi?

— Kila mahali. Siku hizi linakaa juu ya kabati.

— Kando ya ndizi?

— Kando ya ndizi.

— Toa hizo ndizi. Kazini hatukukubaliwa kuingia na hata embe moja. Tunda likiiva linatoa hewa inaangusha maua. Na lirudishe pale kwa dirisha la jikoni, nyuma ya pazia, usilihamishe tena. Likizungushwazungushwa linakasirika. Maji unaliwekea vipi?

— Mengi.

— Mara moja kwa wiki, Baba Lewis. Na yale yanabaki chini unamwaga.

— Tulitia mbolea pia.

— Mlitia, nyinyi na nani? Hakungoja jibu. Pitisha maji safi mpaka itoke, halafu liache likauke.

— Kuna vitu vyeupe chini ya majani.

— Hao ni wadudu, wananyonya. Chovya pamba kwa spiriti, uwapanguse mmoja mmoja, na kwa zile kona za majani pia. Wiki ijayo watafute tena, maana hao hurudi. Usinyunyize kitu kingine.

Makhanu akamrudishia Agrovet kichupa chake. Agrovet alikifunga taratibu, kama mtu ambaye tangu mwanzo alikuwa na mashaka nacho.

— Yatapona? Makhanu aliuliza.

— Sijui. Pengine moja. Nerima akavuta pumzi. Baba Lewis, na mimi kuna kitu sijakuambia. Mama hawezi kuishi peke yake tena. Nimezunguka kwa ndugu zangu wote, hakuna wa kumchukua. Kila nikipiga nilitaka kusema, nikawa nauliza ua. Najua kwetu mama mkwe halali kwa mkwe wake.

Redio, kwa mara ya kwanza tangu benchi lijengwe, alitazama vidole vyake na kunyamaza. Makhanu alisimama, akatembea hatua kadhaa, akarudi. Hapa alijua pa kutazama.

— Kile chumba cha kando kwa ploti, alisema. Fundi wa viatu amehama. Naongea na mwenye nyumba leo. Ngazi ya mlangoni nitaibomoa, niweke mteremko ndio mguu usimsumbue. Atakuwa na mlango wake, mimi na wangu. Mlete.

Nerima alisema ni sawa, akauliza saruji ya mteremko itachukua siku ngapi kukauka.

Nerima na mamake walifika kwa gari la kukodi, mteremko ukiwa umekauka. Matumba mawili yalikuwa yameanguka. La tatu lilikuwa limefunguka, jeupe, lenye zambarau kooni, na pazia likivutwa, kutoka benchini ungeliona vizuri kwenye dirisha la jikoni, ng'ambo ya njia. Nerima alilitazama kwa muda mrefu, akamgusa mumewe begani, akaenda kutandika kitanda cha mamake. Mama mwenyewe walimketisha benchini apumzike. Makhanu alisimama mbali, kofia mkononi, kama heshima inavyotaka.

Redio akamsimulia mama habari zote: maji, ndizi, wadudu, mlima. Agrovet akaongeza sehemu yake, ambayo ilikuwa imekua. Mama alisikiliza hadi mwisho, macho kwenye ua.

— Mmeteseka, wanangu, alisema. Na linazaa nini?

Agrovet akatia mkono kwenye koti, akautoa mtupu. Redio akamtazama Foreman, na Foreman, ambaye hakuruhusiwa kupiga gumzo na mama mkwe, alishukuru mila.

Tabby aliinamisha birika. Ilitoka kahawa ya kikombe kimoja tu, akawapita watatu wa benchi, akampa mama.